Ombi la Kusajili Kabati la Mama Mkwe Kuwa Mgodi

Likasi, Jumamosi asubuhi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Machimbo,

Nakusalimu kwa heshima zote, pamoja na wafanyakazi wako, hata yule bwana wa mlangoni aliyenicheka juzi.

Mimi ni Ruphin, mchimbaji wa miaka kumi na mmoja kule Kambove. Mwaka juzi shimo lilituangukia. Nilikaa chini kutwa nzima, nikatolewa nikiwa na vumbi hadi kwenye meno, na siku ile nikamwapia mke wangu Shekina kwamba sitashuka tena. Naogopa mashimo, Mheshimiwa, naandika bila haya. Lakini kazi nyingine siijui. Ndipo nikagundua mgodi usio na shimo: simu zilizokufa! Ndani yake mna shaba, mna kobalti, vitu vilevile nilivyovitoa ardhini kwa mikono yangu, vikaenda ng'ambo, vikarudi vimevaa nguo nzuri. Mama mkwe wangu, Mama Mélanie, alikuwa na tano kwenye kabati la vyombo, akanipa akicheka. Nikazivunja, nikachambua, nikajaza kamfuko kadogo, mbio hadi depo, pale wanaponunua madini. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Mnunuzi, Bwana Philippe, aliniuliza madini yametoka machimbo gani, maana kila mfuko lazima ujulikane ulikotoka. Mimi ni mtu mkweli. Nikaandika kwenye fomu: "Kabati la Mama Mélanie, droo ya chini." Akapitisha kidole kwenye orodha mara mbili. "Haiko ku liste, papa. Ikuwe na kashe kwanza." Muhuri huo wa serikali ndio ninaouomba.

2. Kabati linastahili kuliko machimbo mengi. Halijai maji wakati wa mvua. Halimwangukii mtu, mguu mmoja umelegea, ila nimeuwekea tofali. Machimbo ya Shinkolobwe yalifungwa kwa sababu ya hatari. Hapa hatari ni moja tu, na leo imekwenda Mulungwishi kwenye mkutano wa akina mama.

3. Hapa ndipo roho inaniuma. Ipo simu ya sita, ya zamani, ya vitufe, nzito kuliko zote. Shekina ameniambia kwamba Mama Mélanie anaificha chini ya godoro lake. Nilipoiomba kwa upole alinijibu: "Ile hapana, mukwe. Ile iko na muntu ndani." Nilishtuka! Kumbe kuna mchimbaji amenitangulia, bila kadi, bila ruhusa, tena chumbani kwa mama mkwe! Na mimi kwa desturi yetu siwezi kukanyaga chumba hicho. Naomba utume mkaguzi, ikiwezekana mwanamke, amtoe mtu huyo mara moja.

4. Mipaka ya mgodi ianzie kwenye kabati, ipite godoroni, ivuke ua hadi kwa jirani yangu Hilaire, ambaye redio yake inakohoa. Naiandikisha mapema kabla haijafa, wengine wasinizidi ujanja. Na nilipokuja ofisini kwako niliona kompyuta ya katibu wako inatetemeka. Sisemi kitu. Ila uniweke wa kwanza.

Shekina anakusalimu. Hilaire anakusalimu, redio bado inapumua. Nabaki hapa karibu na kabati, nikingoja muhuri wako.

Mtiifu wako,
Ruphin

Nyongeza: Mama Mélanie amerudi kabla sijafunga bahasha. Ameisoma barua yote akiwa amesimama, akaingia chumbani na kutoka na ile simu. Akaibonyeza mbele yangu, ikawaka. Kumbe haijafa, huwa anaizima tu ipumzike. Ndani yake amebakiza ujumbe mmoja, ambao mimi mwenyewe nilimtumia mwaka juzi kwa simu ya kuazima, nikiwa nimelala kando ya shimo: "Mama, ni minye Ruphin. Nilisha kutoka mu shimo. Niko muzima. Ambia Shekina minakuya."

Nimelia, Mheshimiwa, mbele ya mama mkwe, jambo ambalo nalo kwa desturi halifai. Kwa hiyo nakuomba uichane barua, mgodi usisajiliwe, na mkaguzi asije. Mtu wa ndani asitolewe. Yumo humo tangu mwaka juzi, na mama mkwe anamchaji kila Jumapili.