Sufuria la Pilau Lisilokuwepo

Kwa Bi Zuwena, Mwenyekiti,
Kikundi cha Vyombo vya Shughuli, Bagamoyo.

Shikamoo, mama yangu.

Kwa majonzi makubwa nakutangazia kwamba sufuria la pilau la kikundi, lile kubwa, halipo tena duniani. Naliona kutoka dirishani kwangu, barazani kwa mtunza vyombo wenu Bi Batuli, kuku wametagia ndani. Lakini kompyuta mliyoipa kazi ya kuazimisha vyombo imesema halipo, nami ni nani nibishane na kitu kilichopokewa kwa vigelegele?

Ijumaa namwoza binti yangu Raya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bi Batuli na msaidizi wake Dija, kila mmoja na simu yake, walifungua mstari wa sufuria katika daftari la kompyuta hiyo kwa wakati mmoja. Wote wakaona liko huru. Bi Batuli akaandika harusi ya Raya, akahifadhi. Dija, asiyejua hili wala lile, akaandika hitima ya kwa Abdillah, naye akahifadhi. Wa pili akamfuta wa kwanza, kimya, bila hata hodi. Zamani ukimkuta mwenzio kashalishika sufuria, mlitazamana, mkaelewana.

2. Mpwa wako Abdulazizi, fundi kwa kujiteua, akaweka kufuli: anayefungua mstari, wengine wangoje amalize. Fikra njema. Dija akafungua ili asahihishe, akaitwa shamba Miono, simu ikamzimikia huko. Kwa hiyo sufuria la Bagamoyo likafungwa na mtu anayevuna mahindi.

3. Nilipolalamika, Abdulazizi alisema hayo ni mabaki tu ya kazi zisizokamilika, yanataka kufagiwa. Akafagia. Likaenda kufuli, ikaenda hitima, likaenda na sufuria lenyewe. Nilipokwenda kuliomba, Bi Batuli kaliegemea, ananiambia: "Baba Raya, ningekupa, wallahi. Lakini halimo."

Sasa ombi langu. Kwa kuwa halipo, niruhusu nilichukue. Sijasikia mtu aliyeshtakiwa kwa kuiba kisichokuwepo. Ikishindikana, basi Abdulazizi awafagie wageni wa upande wa bwana harusi, wabaki wanaotosha sufuria langu dogo.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na Abdulazizi naye, kama bado yumo.

Wako, mwenye mchele uliokwisha kuchambuliwa,
Bwanausi Masoud

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii nimekwenda barazani, nimewaondoa kuku, nimelitia maji. Limetoboka.