Mama Yangu Si Urani

Mpika, Zambia
9 Juni 2025

Ndugu Kiongozi wa Watafiti wa Urani, Itaka,

Leo natimiza miaka arobaini na minne tangu nivuke Tunduma kuja kufanya kazi ya reli huku. Natumaini mashine zenu za kuchoronga mashimo kwenye miamba ni nzima. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlichukua jiwe juu ya kaburi la mama yangu, Ketrina, baada ya kipima mionzi chenu kulia, mkaliandika kuwa ni mwamba wa Itaka. Lile ni jiwe lake la kusagia ulezi. Baba alilibeba kutoka Chitete. Kwa hiyo makadirio yenu ya Itaka yana Chitete ndani yake, na unga kidogo.

2. Mnachoronga kila baada ya mita hamsini, na katikati mnakadiria kwamba panafanana na kando. Kaburi liko kati ya shimo la saba na la nane, yote yakiwa na urani kuanzia mita moja na nusu. Mama amelala kwenye mita hiyo hiyo. Ripoti yenu basi imemhesabu kuwa utajiri wa taifa. Alistahili, ila si kwa tani.

3. Kwetu kaburi la mama halihamishwi bila kauli ya mtoto wa kwanza, ndiye mimi. Mdogo wangu Rabson aliponitaja kwenye mkutano wa kijiji wa kuhamisha makaburi, mwenyekiti alimjibu, "Kaka yako ni mkazi wa simu, hana kura." Ndugu, tumieni kanuni yenu. Mwaka 1981 nilikuwa Itaka. Mwaka 2009, siku ya mazishi, nilikuwa Itaka. Hayo ni mashimo mawili, na yote mmenikuta. Katikati nikadirieni kuwa nipo.

Naomba nihesabiwe mkazi, kaburi lisiguswe, na jiwe lirudi mahali pake.

Wasalimieni vijana wa mashine, na binamu yangu Atuganile anayewapikia. Yeye msimkadirie, yupo kweli.

Wenu, mkazi wa kati ya mashimo,
Zebedayo Mwashiuya

Nyongeza: Rabson amepiga simu sasa hivi. Jiwe limerudi, limeoshwa, lina namba ya rangi nyeupe. Lakini trekta lenu limesawazisha pale, na hakuna anayejua kaburi lilipo. Wananisubiri mimi nikaonyeshe. Jiwe liwekeni kati ya shimo la saba na la nane, mkadirie. Hata mimi nililiona kaburi siku moja tu, ya mazishi. Mimi sitarudi.