Ombi la Kumwondoa Mwalimu wa Kiingereza Kwenye Lifti Yetu

Kamati ya Wakazi,
Majengo ya Mugunghwa, Jengo la 102,
Dalseon.
Tarehe 16 Desemba

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Elimu ya Wilaya,

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA MWALIMU MGENI KUENDELEA KUISHI KWETU

Pokea salamu za heshima kutoka kwa kaya zote sitini za Jengo la 102. Sisi sote ni wazima, isipokuwa magoti, ambayo nitayaeleza mahali pake.

Idara yako imetuletea fomu ikiuliza kama tuna pingamizi lolote Mwalimu Boitshepo Moalosi akiendelea kukaa hapa mwaka wa pili, na kututaka tujibu kabla ya tarehe 20. Fomu ina mstari mmoja tu wa kuandikia. Mstari mmoja haututoshi, ndiyo maana naandika barua.

Tunafahamu kwamba mwalimu huyu alitoka Kimberley, Afrika Kusini, mwezi wa Agosti, kuja kufundisha Kiingereza katika shule yetu ya msingi. Kwa hilo hatuna neno. Tunafahamu pia kwamba idara ilimpa nafasi ya kuchagua mahali pa kuishi: chumba kipya karibu na maduka ya kahawa, nyumba ya walimu iliyo nyuma ya shule, au ghorofa ya kumi na tatu ya jengo letu lenye umri wa miaka thelathini na moja. Akachagua letu! Mtu anayehama nchi yake na kuvuka bahari huchagua mahali penye vijana wenzake na kahawa. Nilimwuliza mlinzi wetu, Bw. Pyo, sababu ni nini. Alinijibu: "Ameniambia kwa simu yake ile inayotafsiri. Eti amependa kuona wazee wamekaa nje wanamenya vitunguu saumu. Eti kama kwao." Mheshimiwa, kwa hiyo tuliponzwa na vitunguu saumu vyetu wenyewe.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. LIFTI. Siku ya kwanza kabisa, mwalimu alimsalimia Bi. Maeng wa ghorofa ya tisa kwa Kiingereza, ndani ya lifti, mlango ukiwa umefungwa. Bi. Maeng ameuza dagaa sokoni miaka arobaini na hajawahi kumwogopa mtu, hata wakaguzi wa mizani. Alishuka ghorofa ya tatu akamalizia kwa miguu. "Sasa ningemjibu nini?" alituambia. "Nimeona mlango umefunguka, nikauheshimu." Tangu siku hiyo hakuna anayeingia lifti mwalimu akiwemo. Bw. Pyo amekubali kugeuza kofia yake nyuma mbele kila mwalimu anapokaribia, ili watu wapate nafasi ya kutawanyika.

2. MAGOTI. Kwa kuwa tunapanda ngazi, magoti ya wengi yanauma. Hilo ni lalamiko. Lakini lipo kubwa zaidi: magoti ya wengine yamepona. Bw. Cha wa ghorofa ya kumi na nne, aliyekuwa akichomwa sindano za magoti kwa miaka sita katika kliniki iliyo chini ya jengo, juzi alionekana akikimbia. Daktari ameniletea malalamiko yake kwa maandishi. Kwa hiyo kamati inalalamika kwa niaba ya magoti yanayouma na pia kwa niaba ya daktari wa yale yasiyouma, na tunaomba idara iyashughulikie yote mawili bila upendeleo.

3. SAHANI. Hapa ndipo palipotuchosha. Kuna mtu, na nikimjua nitamwita mbele ya kamati, aliyemwambia mwalimu kwamba kwetu anayehamia hugawa keki za mchele na maharage mekundu kwa majirani. Akagawa, milango yote sitini! Unajua vizuri, Mheshimiwa, kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu. Na kurudisha ni kubisha hodi, na kubisha hodi ni kuongea. Tulikaa kimya ndani tukijifanya hatupo. Alfajiri watu wakaanza kunyata mmoja mmoja, wakaweka vitu mlangoni kwake na kukimbia: makopo kumi na matatu ya kabichi ya kimchi, gunia la viazi vitamu, tikiti maji, samaki wakavu wawili. Mlango wake haukufunguka mpaka Bw. Pyo alipokwenda kumchimbua.

Tulidhani yameisha. Kumbe mwalimu naye akaona hawezi kurudisha makopo yetu tupu. Akakaanga maandazi ya kwao, akajaza, akagawa. Ikabidi tujaze tena. Hivi ninavyoandika, vyombo vyote vya jengo viko njiani na hakuna ajuaye kipi ni cha nani. Mimi mwenyewe nimepoteza sahani yenye ukingo wa buluu, zawadi ya harusi yetu kutoka kwa shemeji yangu Sun-rye, yule anayeuza keki za kokwa za jozi stesheni. Ilitoka Oktoba haijarudi. Mke wangu ananitazama wakati wa kula kama vile mimi ndiye niliyeimeza.

4. KIMCHI. Mwezi uliopita wanawake walipokaa uani kutia kabichi pilipili, mwalimu alitokea bila kualikwa, amevaa glavu za mpira, akachuchumaa nao saa tatu nzima. Bi. Maeng akamlisha kwa mkono, kipande baada ya kipande, mpaka machozi yakamtoka, naye akafungua mdomo tena. Kamati haijaafikiana hili ni lalamiko la namna gani, lakini tumeliandika.

5. MIFUPA. Mwalimu anatupa mifupa ya kuku kwenye pipa la mabaki ya chakula. Mifupa si mabaki ya chakula, maana mabaki hufanywa chakula cha mifugo. Kila mtoto wa Dalseon anajua hivyo. Mkutano wa wakazi ukapitisha azimio kwamba aelezwe rasmi, kwa Kiingereza, na Mwenyekiti.

Mwenyekiti ni mimi.

6. Lalamiko la sita sikulipeleka mbele ya kamati. Nakuandikia wewe peke yako.

Mimi, Koo Bon-chil, nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na minne katika shule ya sekondari ya wavulana ya hapa hapa. Nusu ya wanaume wa jengo hili nimewafundisha, na baadhi yao nimewachapa. Kila anapotajwa mwalimu mgeni, watu hujibu kwa fahari, "Wasiwasi wa nini? Si tunaye Mwalimu Koo!" Bw. Cha huongeza, "Huyo Kiingereza kinamwogopa."

Ukweli ni kwamba tulifundisha kitabu, na kitabu kilifundisha mtihani, na mtihani haukuwahi kumtaka mtu afungue mdomo. Naweza kukuchambulia sentensi yoyote mpaka isimame uchi. Lakini kuzungumza nimezungumza mara moja tu maishani, mwaka 1987, padri mmoja mgeni aliponiuliza njia ya kwenda stesheni. Maneno yalinikwama. Nikanyoosha mkono, akashukuru, akaenda. Baadaye nikagundua kwamba nilimwelekeza machinjioni. Jibu sahihi lilinijia usiku ule, na nimeishi nalo tangu hapo bila mtu wa kumpa.

Kwa miezi minne sasa, kila nikiitwa niongee na mwalimu, naumwa. Nimeugua mafua, jino na tumbo, na nimefiwa na binamu wawili, mmoja wao mara mbili. Wiki tatu hizi najifungia bafuni kufanyia mazoezi ile sentensi ya mifupa. Juzi mke wangu aligonga: "Baba Hye-jin, unasali dini gani humo?" Naogopa, Mheshimiwa. Siku nikifungua mdomo mbele ya watu hawa na kisitoke kitu, miaka yangu thelathini na minne itakuwa imekwenda machinjioni pamoja na yule padri.

KWA HIYO tunaomba mwalimu achaguliwe mahali pengine pa kuishi. Tunapendekeza chumba cha karibu na kahawa. Ikishindikana, wilaya jirani. Ikishindikana, kipo kisiwa chenye mnara wa taa na mbuzi, na mbuzi hawana heshima ya kupoteza.

Na kama haya yote hayawezekani, basi naomba nihamishwe mimi. Nimekwisha kuchagua: Kimberley. Nimetazama ramani, mahali panaonekana pazuri, nyumba zina ua wa kukaa nje. Huko nitakuwa mgeni, na mgeni akikosea Kiingereza watu humwelewa na kumpa chai. Hapa Dalseon peke yake ndipo nisiporuhusiwa kukosea.

Naomba unifikishie salamu kwa makarani wote wa idara, kwa dereva wako, na kwa mama mkwe wako ambaye nimesikia ametoka hospitali.

Wako mtiifu,

Koo Bon-chil
Mwenyekiti (muhuri wa kamati umegongwa)

N.B. Barua hii naituma kwa sababu tu imeshagongwa muhuri, na karatasi yenye muhuri siwezi kuichana. Naomba isisomwe.

Nilipokuwa nikiipeleka posta leo asubuhi, lifti ilifunguka kwetu ghorofa ya kumi na mbili na mwalimu alikuwa ndani. Bw. Cha alikuwa nyuma yangu ngazini, ananitazama. Nikaingia. Tukashuka. Chini, mbele ya Bw. Pyo na Bi. Maeng, mwalimu akafungua mfuko aliobeba na kuniuliza kitu. Sikumwelewa hata neno, hata ndani ya mfuko sikutazama. Sentensi ya mifupa ilikuwa imenikimbia yote. Mdomo ukafunguka wenyewe, likatoka jibu la yule padri, zima, bila kasoro: nyoosha moja kwa moja, kata kushoto, stesheni iko mbele yako.

Akanitazama. Akashukuru. Akanyoosha moja kwa moja, akakata kushoto.

"Mmeona?" Bw. Cha, aliyekuwa ameshuka ngazi mbio, alipiga kelele. "Neno moja tu, mtu kaenda!" Bi. Maeng akaniinamia. Nami nikabaki nimesimama na bahasha yangu, nikijua nimempoteza mgeni wa pili.

Saa kumi na moja jioni alibisha hodi. Mke wangu alifungua kabla sijawahi kuumwa. Mwalimu alikuwa ameshika sahani yetu ya ukingo wa buluu, imejaa keki za jozi za moto. Akaeleza polepole, kwa Kiingereza. Asubuhi alikuwa ananiuliza sahani ile ni ya nani. Nilipomwambia stesheni, alikwenda nayo, akamwonyesha kila mtu, mpaka shemeji yangu Sun-rye alipoitambua na kuanza kulia juu ya jiko lake. Alinishukuru kwa kumwelekeza vizuri.

Nilimwelewa, Mheshimiwa. Kila neno. Nikageuka kumtafsiria mke wangu, naye alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Kuhusu fomu yako: hatuna pingamizi. Kuhusu mifupa, nitakuwa naitoa mwenyewe. Tafadhali mwalimu asihamishwe popote, maana sahani yake ya maandazi bado ninayo, na nimeamua safari hii niirudishe mchana, watu wakiona. Niko bafuni najiandaa.