Tani Mbili za Maji

Jumatatu, 4 Machi
Karakana inataka tela la kupimia malori. Lori likitoka kutengenezwa injini, linafungwa tela la tani mbili nyuma, linapanda kilima, tunajua kama limepona. Atakayebuni tela zuri atapewa chumba chenye dirisha. Mimi nafanyia kazi chini ya ngazi. Mshindani ni mmoja tu: shemeji, kaka wa mke wangu, mchomeleaji. Anataka kupakia vyuma chakavu. Akili za mbeba mizigo hizo. Mimi nimechora mapipa kumi ya maji. Unajaza kwa mpira, unamwaga ukimaliza, hakuna anayeumia mgongo. Bosi aliutazama mchoro wangu muda mrefu. Akaugeuza juu chini. Akasema haya, jaribu. Nadhani kaupenda.

Jumatano, 6 Machi
Mapipa yote yana matundu. Kuyachomelea ni kumpigia shemeji magoti, naye atalisimulia hilo kwenye kila kikao cha ukoo. Nimeyaziba kwa sabuni ya kufulia, miche minne. Mke wangu kaulizia sabuni yake. Nikamjibu ni mambo ya kitaalamu.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya jaribio. Mwenye lori la kwanza kupimwa kaja na suti. Mwanzo wa kilima lori likakohoa, likagoma. Kisha likaanza kutambaa. Katikati likachangamka. Kileleni likafika mbio kama linapeleka habari za msiba. Mwenye lori kanikumbatia, kasema hajawahi kuona injini inayopata nguvu kwa kupanda. Hata mimi sijawahi. Shemeji aliinama kutazama barabara, iliyolowa toka chini hadi juu, na jua lile. Wivu tu. Bosi kaahidi funguo Jumatatu.

Jumatatu, 11 Machi
Mwenye lori alipakia matofali Jumamosi, tani mbili kamili. Limekwama palepale lilipokohoa. Bosi kaniita, kauliza mapipa yangu yalifika kileleni na nini ndani. Nikasema hata mimi najiuliza. Shemeji akanijibia: povu. Karakana nzima ikacheka. Chumba kapewa yeye.
Mke wangu kasema, baba watoto, si ungemwomba tu kaka, kazi ya dakika kumi. Haelewi. Matundu hayakuwa na kosa. Kosa ni la maji.
Nimerudi chini ya ngazi na mchoro mpya uko tayari. Mapipa yaleyale, matundu yaleyale.
Barafu. Barafu haivuji.