Ng'ombe Aliyetazama Ndani ya Ukurasa

Jumatatu, 2 Juni

Siku mbaya. Mwenyekiti Ngoyai wa Umoja wetu wa Wafugaji ameshuka kutoka Ololosokwan mpaka ofisini hapa Karatu. Akavua kofia, akakaa, akaweka mezani toleo langu la kwanza la jarida la Malisho. Lilikuwa limefungiwa sukari. Akasema amelikuta dukani likifanya kazi hiyo, na mwenye duka analisifu sana kwa sababu halichaniki upesi.

Nikamweleza kwamba jalada lile, pundamilia watatu na puto la watalii juu yao, lilipendwa na kila aliyeliona. Akauliza ni akina nani hao. Nikasema vijana wa kampuni za utalii. Akasema wanachama wake hawafugi pundamilia. Kisha akatoa hukumu: toleo moja zaidi. Wafugaji wakilipokea, uhariri ni wangu moja kwa moja. Wakilikataa, anapewa Brigita.

Brigita! Mchapaji wa mihtasari ya vikao! Anakaa meza ya pili, anatafuna karanga zake kimyakimya kama vile hakusikia. Mimi nimesomea usanifu wa kurasa Arusha. Cheti ninacho, kimetundikwa ukutani. Na mama yangu ameshatangaza jumuiya nzima kuwa Remigius wake ni mhariri. Nikiikosa nafasi hii, uso wangu nitauweka wapi?

Jumanne, 3 Juni

Nimeamka na mpango. Mwalimu wetu Arusha alikuwa haishi kusema: mjue msomaji wako, mpe akipendacho kabla hajakiomba. Haya. Mfugaji anapenda nini? Ng'ombe. Rangi gani? Nyekundu. Nashangaa kwa nini watu huiona kazi hii ngumu.

Basi jalada litakuwa jekundu. Pembeni, mistari ya shuka. Herufi nene. Karatasi ya kung'aa, maana mfugaji naye anastahili kung'aa. Na katikati ng'ombe mmoja tu, wa haja.

Picha ninayo. Niliipiga wiki jana Arash, kwa Mzee Mepukori. Ng'ombe jike mweupe, baka jeusi ubavuni, mzuri hata mimi mtoto wa wakulima wa Kiiraqw nilisimama kumtazama. Mzee alimpangusa mwenyewe kwa majani, akasimama kando yake kama bwana harusi. Hakuniomba soda wala hela ya picha. Aliomba kitu kimoja tu: jina lake liandikwe chini ya ng'ombe wake, watu wajue ni wa nani. Nikamwahidi.

Alhamisi, 5 Juni

Brigita kanichokoza kutwa nzima. Eti karatasi ya kung'aa itawapiga wasomaji machoni, kwa kuwa wao husomea nje, juani. Eti jarida liwe dogo, likunjike, lichomekwe kwenye mkanda mtu anapochunga. Eti ndani tuweke bei za mnada na dawa za kupe kwa herufi kubwa. Nikamwambia kwa upole, ingawa jirani wa ofisi ya pili alikuja kuuliza kuna nini, kwamba hayo ni matangazo na mimi nafanya sanaa. Akauliza kama jalada nimemwonyesha mfugaji hata mmoja. Wa nini? Mpishi haiulizi nyama inataka kiungo gani.

Tatizo lilikuwa moja. Ng'ombe anatazama nje ya ukurasa. Ameyapa mgongo maneno yangu yote! Hilo ni kosa la mwaka wa kwanza. Uso ukitazama nje, macho ya msomaji nayo yanatoka, yanakwenda zake. Kanuni ni kwamba uso utazame ndani. Nikabonyeza mara moja tu, picha ikageuka, kulia ikawa kushoto. Jamani, uzuri! Ng'ombe akawa kama anasoma kichwa cha habari.

Brigita akachungulia. Akasema sikio lenye mkato sasa limehamia upande mwingine. Nikamjibu kwamba tunatoa jarida, hatuuzi masikio. Akarudi kwenye karanga zake.

Jumatatu, 9 Juni

Majarida yamefika kutoka kiwanda cha uchapaji. Mekundu! Nimeyanusa. Chini ya ng'ombe, kwa herufi za dhahabu: Ng'ombe Bora wa Mzee Mepukori, Arash. Ahadi ni deni, nami nimelipa.

Nikatoka nje na nakala moja nijionee fahari. Jua likapiga karatasi, sikuona ng'ombe wala dhahabu, niliona jua tu. Brigita alikuwa dirishani. Alikohoa. Jua la leo lilikuwa kali kupita kawaida, mtu yeyote atakubali.

Jumatano, 11 Juni

Mnadani, Loliondo. USHINDI!

Sijawahi kuona jarida likipokewa hivi. Kijana mmoja alitupia jicho jalada, akaita mwenzake. Mwenzake akaita baba yake. Baba akaita wazee. Wakatandaza shuka juu yake kuzuia jua, wakainama, wakanyoosha vidole, wakabishana kwa Kimaasai mpaka wanunuzi wa mbuzi wakaacha mbuzi wakaja kusikiliza. Hakuna aliyefungua ndani, lakini nani anajali? Jalada lenyewe limewatosha!

Mzee mmoja mrefu, Lekoko wa Piyaya, alilishika muda mrefu kuliko wote. Akaniuliza taratibu kama picha ile ni ya kweli. Nikasema ni ya kweli tupu, nimeipiga kwa mkono huu. Akauliza kama jina lililoandikwa chini ni sahihi. Nikasema nimelihakiki mwenyewe. Akajaribu kulikunja jarida, likamshinda, akalibeba hivyo hivyo kwapani. Aliondoka mnadani bila kununua hata chumvi.

Hadhira imeguswa! Brigita na ajifunze.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwisha.

Ngoyai kapiga simu asubuhi. Hakunisalimu. Kumbe kila ukoo kule hukata masikio ya ng'ombe wake kwa alama yake, na mtoto huijua kabla hajaijua a, e, i, o, u. Kwa Mepukori hukata ncha ya sikio la kulia. Kwa Lekoko hukata ncha hiyo hiyo, ila sikio la kushoto. Na Lekoko alipotelewa na mtamba wakati wa ule ukame mkali. Mtamba mweupe. Mwenye baka jeusi ubavuni.

Na mimi nimegeuza picha! Yesu na Maria! Nimemchapisha mtamba wa Lekoko, amekua, amenawiri, na chini yake kwa dhahabu nimeandika jina la mwizi.

Lekoko na wazee wenzake wameshafika Arash. Vijana wa pande zote mbili wameshika fimbo. Nikampigia Mzee Mepukori. Akapokea. Nikaomba radhi kwa maneno mengi, mengine sijui nilikoyatoa. Nilisikia kengele za ng'ombe, kisha simu ikakatika. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama kaniletea makande, nimeshindwa kuyameza. Naogopa mtu ataumizwa kwa ajili yangu.

Jumamosi, 14 Juni

Arash. Ngoyai alinichukua kwa gari lake. Ukingoni mwa Kreta, barabara inapopita juu ya bonde, kulikuwa na ukungu mzito, nikaomba Mungu gari liharibike. Halikuharibika.

Ng'ombe akaletwa mbele ya watu wote. Wazee wakashika sikio la kulia: limekatwa. La kushoto: zima. Vijana wakashusha fimbo. Lakini Lekoko hakuondoka pale. Akalipapasa sikio zima kwa mara ya pili, polepole, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Nadhani tangu mnadani alikuwa ameshampata ng'ombe wake, na sasa nimempotezea tena. Sikuweza kumtazama usoni.

Ndipo nikasimamishwa nieleze. Nikaonyesha picha halisi kwenye simu. Nikaeleza kanuni ya uso kutazama ndani ya ukurasa, Ngoyai akatafsiri. Mzee mmoja akauliza, huko ndani ya ukurasa kuna majani gani mpaka ng'ombe atake kwenda? Boma zima likacheka. Walicheka mpaka wanawake waliokuwa wanakamua wakaja kuuliza, wakaelezwa, wakacheka upya.

Mzee Mepukori hakucheka. Nimetozwa kondoo mnono, yeye na Lekoko wamle pamoja yaishe. Halafu akamwambia Ngoyai anitafsirie, ingawa Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, kwamba aliniomba kitu kimoja tu.

Jumapili, 15 Juni

Brigita ndiye mhariri. Kuanzia kesho mimi nakaa meza ya pili, nachapa mihtasari.

Toleo lake limeshaanza. Dogo, la kukunjika, karatasi isiyong'aa, bei za mnada nyuma kabisa mtu azione bila kufungua. Amempelekea Mzee Mepukori jalada alione kwanza. Ni picha yangu ile ile, haikugeuzwa, jina la mzee chini yake. Ng'ombe kayapa mgongo maneno yote! Mzee kakubali. Eti kacheka.

Baada ya Misa watu walimuuliza mama habari za mhariri wake. Akajibu kwamba nina mafua. Mama hajawahi kusema uongo mlangoni pa kanisa. Niliingia chooni nikalia, nikafungua bomba ili kilio kisisikike, halikuwa na maji.

Jumanne, 17 Juni

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi! Parokia inataka jarida la jubilei ya Padri, na mama kanipigania nipewe. Anasema hii ndiyo ya kumrudishia uso wake.

Hadhira: waumini. Rangi: nyeupe na dhahabu. Karatasi ya kung'aa, maana watalisomea ndani. Picha ni nzuri ajabu, Padri altareni ameinua mkono wake wa kulia, anabariki. Kasoro ni moja. Anatazama nje ya ukurasa.

Nimetafakari sana, maana Arash nilipata funzo na nimelielewa: wafugaji ni watu wa masikio. Nimekagua masikio ya Padri yote mawili. Mazima. Basi nikabonyeza mara moja tu. Sasa anatazama ndani, na ule mkono umehamia upande wa pili, unabariki kichwa cha habari.

Brigita kachungulia, kaanza kusema kitu kuhusu mkono. Nimemwomba ale karanga zake.