Tope la Padri Ndevu

3 Juni, Jumatatu

Sista mtunza nyaraka ametukusanya ukumbini. Jumamosi wanakuja wageni kutoka makao makuu ya shirika. Watakagua makaratasi na masalia ya marehemu Padri Ndevu, aliyetuletea kanisa miaka mia moja na thelathini iliyopita, waamue kama vitu vyake vibaki hapa au vihamishwe. Sanduku la masalia litabebwa kwa maandamano na mzao wa mtu aliyemtumikia Padri.

Mimi! Nani mwingine? Nimeinuka kabla Sista hajamaliza. Nikasimulia jinsi babu yake babu yangu, mpagazi Ngurumo, alivyomvusha Padri mto uliofurika: Padri mgongoni, kinanda kichwani, mamba wawili nyuma. Sista akauliza mbona mwaka jana mamba alikuwa mmoja. Nikamwambia wa pili nimemkumbuka juzi.

Shemeji naye akanyanyuka. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi cherehani, hushona kanzu za mapadri kwenye varanda ya jengo letu la misheni. Ati babu yao alikuwa mpishi wa Padri. Nikasema ndiyo maana Padri hakuzeeka. Watu wamecheka. Yeye hakucheka.

Sista kasema hataki hadithi. Jina lionekane kwenye makaratasi ya Padri.

Nimempigia dada simu kwamba nimeshateuliwa. Anakuja na ukoo, watu ishirini na sita. Wanatafuta vitambaa vya sare. Nimewahi kidogo, basi.

4 Juni, Jumanne

Miaka kumi na tisa natunza jengo hili. Funguo zote ninazo, isipokuwa ya chumba cha nyaraka. Nimejitolea kufuta vumbi. Masharti! Osha mikono. Vaa glavu nyeupe. Kuandika ni kwa penseli tu. Chai marufuku. Ukitaka kupiga chafya, toka nje.

Niliishia darasa la sita, lakini la sita la zamani lile, kwa hiyo nikajitosa kwenye madaftari ya safari. Mwandiko wa Padri ni sisimizi walevi. Saa tatu nzima, Ngurumo hayupo.

Shemeji kaja kupima mapazia. Kumbe babu yake yumo kwenye kitabu cha ubatizo, ukurasa wa nne, "mpishi," herufi kubwa. Kanionyesha mara mbili. Mara ya tatu nikajifanya naangalia dari. Sista kanituliza: daftari la mwisho hajalisoma bado.

Nimewaza sana. Jina la babu likikosekana, je, mimi mwenyewe nikimtumikia Padri? Nani atabisha?

5 Juni, Jumatano

Sista kaenda kung'oa jino. Kaniachia chumba nifute rafu. Rafu tu, kasema, na kidole juu.

Nikafungua kabati la chini. Mungu wangu, buti za Padri! Tope mpaka vifundoni, limekauka kama tofali. Wageni watoke mbali kote huko, wamkute mtumishi wa Mungu na viatu vya mchimba visima?

Kisu. Brashi. Kitambaa. Rangi nyeusi ya viatu, na mate kidogo puani mwa buti. Kazi ya saa mbili. Zimeng'aa nikaona meno yangu, hata lile lisilopo. Kamba zilikuwa zimeoza, nikatia za viatu vyangu. Mabonge ya tope nikayafagia, nikayatupa varandani kwenye kapu lolote lililokuwa karibu. Mwisho nikaandika kwenye rejista, kwa penseli, mimi si mjinga: "Buti. Zimesafishwa." Na jina langu kamili.

Sasa nimo kwenye makaratasi!

6 Juni, Alhamisi

Sista kafungua kabati. Kakaa sakafuni na vazi lake jeupe, shavu limevimba, akanisomea orodha. Namba arobaini na moja: jozi ya buti, pamoja na tope la safari ya mwisho.

Kumbe Padri alifia njiani. Waliomzika walimvua buti wakaapa tope lile lisiguswe, na halikuguswa mpaka nilipofika mimi. Miaka minne Sista anayapanga makaratasi haya, karatasi moja moja. Wageni wakilikosa tope watasema hatujui kutunza, watapakia kila kitu, sisi tubaki na rafu. Machozi yalimlengalenga. Sikupenda.

Kauliza nilikolitupa. Sikukumbuka. Kapu ni kapu. Nikamwambia asihangaike, tope si kitu adimu, nitalileta. Nikachota udongo nyuma ya kufulia, nikakanda na majivu, nikaanika juani, nikampelekea ndani ya bahasha safi. Akalichokoa na kibano.

"Mjomba," kasema, "Padri alifia kwenye karai la kufulia?"

Kulikuwa na kipande cha sabuni ya buluu. Na kifungo.

7 Juni, Ijumaa

Tope la kweli limepatikana. Na Shemeji! Lile kapu lilikuwa lake la vipande vya nguo. Alikuta mabonge, akasikia habari, akayachekecha kwa kitambaa cha wavu, chembe kwa chembe, akayashonea kifuko cheupe. Sista kamshika mikono yote miwili. Hakuna aliyeuliza ni ufagio wa nani uliolipeleka tope mahali salama.

Mchana Sista katuita wote wawili. Daftari la mwisho amelimaliza. Akasoma:

"Mpagazi Ngurumo ana mzigo mwepesi kuliko wote, na hufika wa mwisho kwa sababu ya kusimulia. Leo mtoni amekataa kuingia majini. Ilibidi nimbebe mgongoni."

Shemeji katoka nje. Nilimsikia akicheka mpaka kwenye geti. Mimi nikaliinamia daftari. Ngurumo! Kwa mkono wa Padri mwenyewe! Mpishi alibebwa lini?

Hata hivyo Sista kaamua sanduku libebwe na Shemeji. Mimi nitashika mwavuli.

"Ila nakuomba, Mjomba," kasema taratibu, "usiguse kitu kingine."

8 Juni, Jumamosi

Ukoo umefika, sare za zambarau, unaonekana toka barabara kuu. Dada kauliza mbona sanduku liko kwa fundi cherehani. Nikamweleza kwamba mwavuli huwa juu ya sanduku, na aliye juu ndiye mkubwa. Kaniangalia kama anavyokagua nyanya sokoni.

Mzee wa wageni kaniuliza habari za Ngurumo. Nikamwambia Padri alimpenda kiasi cha kumbeba mgongoni, na mamba watatu nyuma. Kacheka, kaniandika kwenye daftari lake.

Vitu vyote vinabaki hapa! Wamesifu tope hasa. Sista katabasamu upande mmoja, ule usiovimba. Ukoo umenipigia makofi. Mke wangu kampigia kaka yake.

9 Juni, Jumapili

Nimemsaidia Sista kufunga madirisha ya chumba cha nyaraka. Ukutani ipo picha ya Padri, pekee iliyowahi kupigwa. Leo ndiyo nimeitazama vizuri. Imefifia mno. Jicho la kushoto halipo tena, ndevu zimekuwa rangi ya chai. Wageni waliiona wakapita haraka. Adabu tu.

Nina nusu kopo ya rangi nyeusi ya mafuta iliyobaki nilipopaka geti. Ndevu ni kazi ya dakika kumi. Jicho, tano.

Sista anakwenda mafungo ya sala Jumatano, siku tatu. Ufunguo huuweka chini ya chungu cha maua.