Konokono wa Vilindini na Kiti Changu cha Mjomba

Panda, Likasi, Jumatatu

Kwako Mwalimu Philippe, mutoto wa dada yangu (kama bado unakubali),

Minye, mimi muzee Godefroid, ndiye muntu wa kwanza wa Likasi kumushika mukononi yule konokono wa vilindi vya bahari, mwenye gamba kama kofia. Sawa, sikumushika. Nilimuona katika simu yako, na maji makubwa niliyoyafikia ni ziwa letu la Tshangalele.

Jana ulifundisha familia kwamba mnyama huyo, anayekula mbao zilizozama, wataalamu walimuweka katika ukoo fulani kwa ajili ya kofia yake. Baadaye wakachungulia meno, wakamuhamisha. Halafu ukanigeukia: na muzee Godefroid ni vilevile, kofia ya mjomba, meno ya jirani. Mukacheka, mukafuta jina langu kwenye meza ya wajomba, na ndoa ya dada yako Blandine ni Jumamosi. Kwa heshima yote, nalalamika:

1. Konokono hakuulizwa. Hata mwizi wa kuku huitwa kwanza ajieleze.

2. Kupanga watu kwa meno ni hatari. Minye iko na tano. Ya mama yako Georgette yote yametoka kwa daktari. Basi naye ni wa ukoo wa daktari?

3. Hapa Panda kampuni ya migodi ilitupanga kambini bila kuuliza nani katoka wapi. Ukuta wangu na wa mama yako ulikuwa mmoja, ndiyo maana ananiita kaka. Blandine alijifunza kutembea akishika ukuta huo, upande wangu. Ukichungulia meno ya kambi nzima, nusu ya mabibi-arusi watakosa mjomba, ndoa hazitafungwa, watoto hawatazaliwa, na weye mwalimu utafundisha madawati.

Kwa hiyo uwaandikie wataalamu wamurudishe konokono kwenye ukoo wake wa zamani kabla ya Ijumaa. Akirudi yeye, nami nirudi kwenye kiti changu, na firigisi ya kuku iletwe kwangu kama zamani.

Salamu kwa Maman Georgette, kwa Blandine na bwana-arusi wake, na kwa konokono ukimuona.

Mimi mjomba wako, meno tano,
Godefroid

N.B. Kwenye matanga ya babu yako, nilipoombwa kulaza wageni kumi na wawili, niliandika kwamba minye si wa ukoo wenu, ni jirani tu. Barua hiyo mama yako anaitunza ndani ya Biblia. Uichomoe polepole. Na unirudishie kofia yangu uliyoazima Pasaka. Bila hiyo, hata kwa mbali sitafanana na mjomba.